Maji ya Chujio na Tangi la Samaki: Ukiona Hivi, Anza Kuangalia Hapa

"Kaka, maji haya haya tunakunywa sisi na watoto, samaki wanakufaje?" Wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Tanga, kuanzia Raskazone mpaka Makorora, wanauliza swali hilo kuliko jingine lolote. Jibu ni kwamba chujio la nyumbani limetengenezwa kwa ajili ya tumbo la binadamu. Kazi yake ni kuzuia vijidudu, tope na harufu. Vijidudu vya maji ya bomba si tishio kubwa kwa samaki. Anaumizwa na klorini, na maji yasiyo na madini, na kubadilishiwa hali kwa ghafla. Kuna machujio yanayoondoa klorini na kuacha madini, kuna yanayoondoa vyote viwili, na kuna yasiyogusa hata kimoja. Ndiyo maana ushauri wa jirani unaweza kumfaa yeye na kukuulia wewe tangi zima.

Kabla ya dalili: jua una chujio gani

Chujio la mishumaa ya kauri, lile la ndoo mbili zilizopandana, linazuia uchafu na vijidudu lakini madini yanapita. Klorini inaondoka tu kama ndani ya mshumaa kuna kaboni, na si yote ina kaboni. Mengine yametiwa madini ya fedha ya kuua vijidudu, na fedha ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo sana. Chujio la namna hiyo likiwa jipya, maji yake ya mwanzoni yasiguse tangi.

Chujio la kaboni linalofungwa kwenye bomba linaondoa klorini na kuacha madini. Kwa samaki wengi hili ndilo chujio jema kuliko yote, mradi kaboni haijachoka.

Mashine ya RO, inayosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba sana, inaondoa karibu kila kitu, yakiwemo madini ambayo samaki anayahitaji. Taa ya UV inaua vijidudu na basi. Klorini iliyoingia ndiyo inayotoka. Mashine ya kulainisha maji inayotumia chumvi, ambayo utaikuta kwenye nyumba chache na mahotelini, inatoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake. Maji yake usiyatumie.

Jua pia maji yako yanatoka wapi. Ya bomba hapa mjini chanzo chake ni Mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara Mashariki na kuzuiwa kwenye bwawa la Mabayani, kisha yanasafishwa na kutiwa klorini. Ya kisima ni habari nyingine. Ukanda wetu una mwamba mwingi wa chokaa na matumbawe (mapango ya Amboni yenyewe ni chokaa), kwa hiyo visima vingi vina maji magumu (yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi), na vilivyo karibu na bahari vinaweza kuwa na chumvi. Mwenye kisima asihangaike kutafuta klorini, isipokuwa kama kuna mtu ametia dawa kwenye tangi la juu bila kumwambia.

Dalili ya kwanza: wanapanda juu na kuhema mara tu baada ya kubadilishiwa maji

Hii ni ya dharura. Usianze na vipimo. Washa pampu ya hewa, au chota maji ya tangi kwa jagi uyamimine kutoka juu ili yapige mapovu, endelea hivyo dakika kadhaa. Ukishafanya hivyo ndipo utafute chanzo.

Chanzo kinachoongoza ni klorini iliyopita kwenye kaboni iliyochoka. Kaboni ina mwisho wake. Watengenezaji wengi wanasema ibadilishwe kila baada ya miezi sita au ikishachuja kiasi fulani cha lita, lakini majumbani inakaa mpaka maji yagome kutoka. Ikichoka haikwambii: maji yanatoka meupe vilevile, na ulimi wako hauonji kiasi kidogo cha klorini kinachotosha kuunguza mashavu ya samaki. Jambo la pili ni kasi. Ukifungua bomba mpaka mwisho ujaze ndoo upesi, maji hayapati muda wa kugusana na kaboni. Fungua kidogo, uyaache yatiririke taratibu.

Kuhakikisha ni rahisi. Vipimo vya klorini vya mabwawa ya kuogelea vinafaa kabisa. Kile cha kawaida kinageuza maji yawe ya waridi kama klorini ipo. Pima maji yaliyotoka kwenye chujio. Yakibaki meupe, klorini si mshitakiwa wako leo.

Kama klorini ipo na samaki wapo hoi, tia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha ujazo wa tangi lote, si wa maji mapya peke yake. Ile yenye sodiamu thiosalfeti inafanya kazi papo hapo. Kwa siku za usoni, jaza ndoo iliyo wazi, tia jiwe la hewa na uiache saa 24. Klorini ya kawaida itakuwa imeruka. Wakati wa masika, Zigi inapokuja na tope, uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu kwa kawaida maji machafu yanahitaji dawa nyingi zaidi kuyasafisha, na ndoo iliyokutosha mwezi wa Januari huenda isitoshe mwezi wa Aprili.

Kinachofuata ni joto. Simtanki jeusi likikaa juani tangu asubuhi, saa nane mchana ndoo ya kwanza inatoka ya moto kiasi cha kuogea mtoto mchanga. Chujio halipoozi maji. Maji ya moto pia yanabeba hewa kidogo, kwa hiyo samaki anapigwa mara mbili. Dawa yake haina gharama: badilisha maji asubuhi mapema, au uyachote jana yake yalale ndani. Tofauti kati ya ndoo na tangi isizidi nyuzi mbili hivi. Kama huna kipimajoto, tumbukiza mkono mmoja kwenye ndoo na mwingine kwenye tangi kwa wakati mmoja. Ukihisi tofauti, subiri.

Halafu kuna uhaba wa hewa kwenye maji yenyewe. Maji yaliyochemshwa yamefukuzwa hewa yote, na ukiyafunga kwenye chupa kubwa yanapoa tu, hayavuti hewa. Yakoroge au uyamimine ndoo kwa ndoo kabla ya kutumia. Kuchemsha kunaondoa klorini, ni kweli, lakini sijaona sababu ya kumaliza mkaa au gesi kwa ajili ya samaki.

Kisha yale ambayo watu hawayasemi mpaka uwaulize mara mbili. Ndoo iliyofuliwa nguo. Mikono iliyopakwa dawa ya kufukuza mbu. Chumba kilichopuliziwa dawa ya mbu huku pampu ya hewa ikiwa inafanya kazi, ikavuta ule moshi na kuusukuma ndani ya maji. Dawa nyingi za kupulizia wadudu ni sumu kali kwa samaki. Tenga ndoo moja, iandike SAMAKI kwa rangi, na atakayeigusa kwa sabuni ajue ana kesi.

Chanzo cha nadra ni kloramini, yaani klorini iliyofungamana na amonia. Hiyo hairuki kwa kulazwa saa 24. Dalili yake ni kwamba umelaza maji vizuri na kipimo cha jumla ya klorini bado kinageuka rangi. Hapo unahitaji dawa inayoshughulikia klorini na amonia pamoja, na lebo lazima iseme hivyo.

Dalili ya pili: siku ile wako salama, kesho au keshokutwa wanaanza kufa mmoja mmoja

Hapa ndipo chujio linasingiziwa sana. Mtu anahesabu nyuma, anakumbuka alibadilisha maji juzi, na hukumu inatoka hapohapo. Lakini klorini inaua ndani ya saa chache. Vifo vya siku ya pili au ya tatu mara nyingi vinatokana na amonia, na amonia inatokana na kile ulichokifanya wakati wa kubadilisha maji, si maji yenyewe.

Uliosha filta ya tangi kwa maji ya bomba? Wengi wanafanya siku hiyohiyo, kwa sababu mikono imeshalowa. Ule sponji una bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati. Klorini inawaua. Filta inarudi safi kwa macho, na kazi imesimama. Sponji liminywe kwenye maji yaleyale uliyoyatoa kwenye tangi, mpaka litoke tope zito, basi. Likibaki na rangi ya kahawia, liache hivyo.

Umeme ulikatika? Filta ikizimika saa nyingi, bakteria wanakosa hewa, wanaanza kuoza mlemle ndani. Umeme ukirudi, filta inamwaga uozo ule kwenye tangi. Fungua filta uinuse. Harufu ya udongo uliolowa ni njema. Harufu ya yai bovu maana yake sponji likaminywe kwenye maji ya tangi kabla ya kuwashwa tena. Umeme ukikatika kwa zaidi ya saa tatu au nne, mimi naitoa filta na kuiacha kwenye beseni lenye maji ya tangi kina kifupi, ipate hewa.

Tangi ni jipya? Bakteria wanahitaji kama wiki nne hadi sita kujijenga. Tangi la wiki mbili lenye samaki kumi halina tatizo la maji ya chujio, lina samaki wengi.

La nne linahitaji maelezo. Tangi lililokaa miezi bila kubadilishwa maji, likawa linaongezewa tu, pH yake (kipimo cha asidi ya maji: ikiwa chini, asidi ni nyingi) inashuka. Kwenye pH ya chini, amonia nyingi inakuwa katika hali isiyo kali. Siku unapozinduka na kutia nusu tangi ya maji mapya yenye pH ya juu, amonia ileile inageuka sumu kwa muda mfupi. Samaki waliozoea uchafu wanakufa kwa usafi. Tangi la namna hiyo lirudishwe taratibu: sehemu moja ya kumi leo, nyingine baada ya siku mbili, hivyo hivyo mpaka vipimo vikae sawa.

Kwa vyanzo vyote hivyo, kipimo ni kimoja. Amonia na nitriti zote zinatakiwa zisome sifuri. Zikionekana, acha kulisha siku moja au mbili, badilisha robo ya maji kila siku kwa maji yasiyo na klorini, na ongeza hewa. Mwenye tangi lile lililozembewa abaki kwenye ile sehemu moja ya kumi. Kulisha ili "wapate nguvu" ni kuongeza amonia.

Dalili ya tatu: wamebana mapezi, wamelala chini, rangi imefifia, na unatumia RO

Hili ni la wenye mashine nzuri, na inauma kumwambia mtu kwamba mashine aliyoinunua kwa pesa nyingi ndiyo inayowamaliza samaki wake.

Maji ya RO karibu hayana madini. Mwili wa samaki una chumvi zaidi ya maji baridi yanayomzunguka, kwa hiyo siku zote maji yanajipenyeza ndani yake na yeye anafanya kazi ya kuyatoa. Kadiri maji ya nje yanavyokosa madini, ndivyo kazi hiyo inavyokuwa nzito. Pili, yanakosa kile kinachoitwa KH, ambayo ni akiba inayozuia pH isianguke. Wale bakteria wa filta wanatumia akiba hiyo kila siku. Ikiisha, pH inaporomoka usiku mmoja, na bakteria wenyewe wanasimama.

Angalia kwanza kwa kalamu ya TDS (kipimo cha jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, hasa madini), ile inayouzwa pamoja na mashine nyingi. Ikisoma chini ya 30 kwenye maji unayotia, na umekuwa ukitia hayo matupu, umepata jibu. Kisha pima KH ya tangi. Chini ya digrii 3 ni hatari.

Suluhisho jepesi ni kuchanganya: nusu RO, nusu maji ya bomba yaliyoondolewa klorini. Kwa gapi, moli na samaki wa dhahabu hata hiyo nusu ya RO haihitajiki. Moli hasa wanapenda maji magumu, na maji ya kisima kisicho na chumvi kali yanawapendeza kuliko ya RO.

Kuna kichekesho hapa. Baadhi ya samaki wa mapambo wanaotafutwa sana duniani ni wa kwetu: siklidi wa Ziwa Tanganyika na mbuna wa Ziwa Nyasa. Maji ya maziwa hayo yana pH ya juu, na ya Tanganyika inakaribia 9. Mtu ananunua samaki wa Kigoma kwa bei ya dhahabu, halafu anamtia kwenye maji ya RO akidhani amemfanyia heshima. Samaki hao wapewe maji ya bomba au ya kisima, na kama lazima iwe RO, rudisha madini. Kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda kwa lita 50 kinapandisha KH kwa takriban digrii 4. Ni soda, si bekingi pauda, ambayo ina vitu vingine. Soda haileti kalsiamu wala magnesiamu, kwa hiyo kwa siklidi wa maziwa tumia pia chumvi maalumu za madini zinazouzwa na wauza samaki. Yeyusha kwenye ndoo kabla, kamwe usinyunyize tangini, na ipandishe kwa siku kadhaa. Njia ya polepole zaidi ni mfuko wa makombe yaliyosagwa na kuoshwa vizuri ndani ya filta. Pwani yetu haina uhaba wa makombe matupu. Matumbawe yaache baharini.

Kama KH ni nzuri na samaki bado wamebana mapezi, tazama tofauti ya ghafla. Waliozoea maji ya kisima wakahamishiwa kwenye RO wanashtuka hata kama namba za mwisho ni nzuri. Punguza kiasi cha kubadilisha hadi asilimia 10.

Dalili ya nne: maji yamekuwa na ukungu

Ukiwa na weusi au ukijivu, ukatokea saa ileile na kutulia chini baada ya muda, ni vumbi la kaboni mpya. Katriji mpya isuuzwe mpaka maji yatoke safi bila rangi. Vipovu vidogo vidogo kwenye kioo ni hewa tu. Ukungu mweupe unaokuja siku ya pili na kukaa ni bakteria waliozaliana majini baada ya filta kuvurugwa. Hautibiwi kwa kubadilisha maji yote. Punguza chakula, ongeza hewa, subiri siku chache. Na usitie shabu: kweli inashusha tope kwenye pipa la kunywa, lakini kwenye tangi inashusha pH na kumwachia samaki aluminiamu.

Dalili ya tano: kioo kina ukoko mweupe na namba ya TDS inapanda kila wiki

Joto la Tanga linakausha maji. Maji yanaruka, madini yanabaki. Ukiongezea kwa maji ya kisima, unaongeza madini juu ya madini. Hapa ndipo maji ya RO yana kazi yake halali: kuongezea kilichokauka. Kuongezea na kubadilisha ni mambo mawili. Kinachokauka, ongezea maji laini. Unachokinyonya kwa mpira pamoja na uchafu, rudishia maji yenye madini. Ukoko wenyewe unafutwa kwa kitambaa chenye siki kidogo, juu ya mstari wa maji.

Dalili ya sita: mwani wa kijani hauishi

Mara nyingi ni jua la dirishani na chakula kingi. Sogeza tangi, punguza saa za taa, kisha ndipo upime nitrati ya maji ya kisima.

Dalili ya saba: chujio limepungua kasi au maji yake yana harufu

Mshumaa wa kauri ukiziba, sugua kwa brashi laini bila sabuni. Ukiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, tupa. Katriji ya kaboni haioshwi ikarudi upya, ibadilishwe. Kwenye RO, kaboni ya mbele ikichoka klorini inafika kwenye utando na kuuharibu, ndiyo maana TDS ya maji yanayotoka inaanza kupanda. Kama mashine inapiga kelele mfululizo, inavuja kwenye maungio au haizimi, funga bomba, chomoa waya, mwite fundi wa mashine hizo. Pampu ya umeme yenye maji karibu si ya kujifunzia.

Wapi uache na kumwita mtu

Chomoa kila kitu cha umeme kabla ya kutia mkono tangini. Ukihisi mtetemo au shoti kidogo unapogusa maji, usijaribu mara ya pili: zima swichi kuu na umwite fundi umeme. Waya wa pampu ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya mpaka kwenye umeme.

Samaki wakifa wengi kwa pamoja ndani ya saa chache, na maji ya bomba yenyewe yana rangi au harufu usiyoizoea, acha kuyanywa pia. Chota sampuli kwenye chupa safi, waulize majirani, kisha uwaarifu Tanga UWASA, mamlaka ya maji. Kama ni kisima, yapeleke yakapimwe kwenye maabara ya maji.

Vidonda, pamba nyeupe mwilini, macho yaliyotoka nje au magamba yaliyosimama si mambo ya chujio. Mwone daktari wa mifugo au afisa uvuvi, na usimpe samaki vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini. Samaki mgonjwa asitupwe Zigi wala baharini, na maji yake yamwagwe chooni.

Usinyonye mpira kwa mdomo kuanzisha maji. Ujaze maji kwanza chini ya bomba, uzibe kwa kidole, ndipo uachie. Na ukipata kidonda au uvimbe mkononi usiopona kwa wiki kadhaa baada ya kusafisha tangi, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba unafuga samaki. Kuna bakteria wa matangini wanaoingia kwenye mikwaruzo, na asipojua hilo anaweza kukutibu kitu kingine.